"Hebu mpe simu shemeji": baiskeli ya umeme niliyokodi milimani

Sijui nitoe nyota ngapi. Nilianza na moja, nikapandisha hadi tatu, halafu nikaikumbuka ile simu.

Ilikuwa likizo ya milimani, mimi na mume wangu, miezi kadhaa sasa. Yeye kakulia juu ya baiskeli. Mimi baiskeli nazipenda zikiwa zimeegeshwa. Tukaona tukodi za umeme ili asikae kila kona ananisubiri. Na hata ungekuwa na yako nyumbani, betri zake ni kubwa, ndege za abiria hazizipokei, kwa hiyo ukifika huko uko mikononi mwa mwenye duka.

Siku ya kwanza nilikuwa malkia, siwezi kusema uongo. Ukikanyaga pedali ni kama kuna mtu kakuwekea kiganja mgongoni na kukusukuma taratibu. Kwenye mwinuko mmoja nilimpita mume wangu nikiimba. Nikiimba! Jioni hiyo ningetoa nyota tano na moja ya ziada.

Kesho yake, katikati ya mlima, mota ikanyamaza. Haikukohoa wala haikutoa onyo, ilinyamaza tu. Skrini inawaka, betri ina zaidi ya nusu, lakini spidi inasoma sifuri na mimi natembea. Sasa wewe jaribu kupandisha chuma cha zaidi ya kilo 20 kisichokusaidia. Nikashuka, nikasukuma. Simu haikuwa na mtandao pale, kwa hiyo nilisukuma karibu saa nzima, jasho linaingia machoni, mpaka tukapata kauwanda kenye mtandao.

Nikapiga dukani. Akapokea mwenyewe.

"Ulichaji usiku?"

"Nimechaji."

"Basi umeweka Turbo, ule msaada wa juu kabisa, tangu asubuhi, betri imekwisha."

"Betri ina zaidi ya nusu. Tatizo spidi inasoma sifuri na gurudumu linazunguka."

Kimya. Halafu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto: "Dada, hebu mpe simu shemeji."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia.

Nikampa. Kwa nini nilimpa mpaka leo sijui, labda uchovu. Mume wangu akasema, neno kwa neno: "Spidi inasoma sifuri." Na yule bwana: "Ahaa! Sasa hapo nimekuelewa, kaka."

Amemwelewa!

Ugonjwa wenyewe ulikuwa sumaku, kadude kadogo kanakofungwa kwenye spoku ya gurudumu la nyuma. Kila gurudumu likizunguka, sumaku inapita mbele ya kihisi, na hapo baiskeli inajua inakwenda kasi gani. Mota inahitaji kujua, maana kuna mwendo ambao ikifika lazima iache kusaidia. Ulaya ni kilomita 25 kwa saa. Ya kwangu skrubu ililegea, sumaku ikateleza, baiskeli ikaamini imesimama. Tuliirudisha mahali pake, tukaikaza kwa sarafu. Dakika mbili! Saa nzima ya kusukuma kwa ajili ya skrubu ambayo mtu alipaswa kuigusa kabla ya kunikabidhi.

Mume wangu alicheka. Hilo nalo naliandika hapa kwa sababu ni sehemu ya huduma niliyopata siku ile.

Baada ya hapo, haki ya Mungu, baiskeli haikunisumbua tena. Breki zake sijapata kuona: mteremko mkali, changarawe, mzigo wote ule unashuka na vidole viwili tu vinaushika. Nikaanza kulainika. Nikajiambia skrubu hulegea, barabara ni mbovu, binadamu ni binadamu. Nyota tatu zilitoka hapo.

Siku ya kurudisha nikamkuta mwenye duka anakagua mikwaruzo kwa tochi ya simu. Fremu kaipitia inchi kwa inchi. Sumaku hakuitazama hata kwa bahati mbaya. Amana akairudisha yote, nampa haki yake. Ila ilikuwa yangu, nimelipa mimi, na akaihesabia mkononi mwa mume wangu. "Ahsante kaka, karibuni tena." Mimi nimesimama hapo hapo na kofia ngumu kichwani kama mwanasesere.

Kwa hiyo moja. Au moja na nusu, kwa ajili ya breki.

Ukikodi popote, kabla hujatoka inua gurudumu la nyuma ulizungushe, utafute sumaku, uihakikishe imekaza. Usingoje mtu akuambie, wa kwangu hakuniambia.

Mume wangu anataka turudi kwenye duka lile msimu ujao, eti breki. Nimekubali. Mkataba utaandikwa jina langu, namba itakayoachwa ni yangu, na simu yake itabaki hotelini.