Nachos zimefika Mtwara kuchele, nawapa 6 kwa 10

Jamani kuna mgahawa Shangani, upande wa kuelekea baharini, wameweka nachos kwenye menyu, vile vipande vya mahindi vya kukaanga vinavyowekewa chizi juu, elfu kumi na mbili sahani. Jina nalibana kwa sababu ntawasema na bado nataka kurudi kula pale. Watu washahukumu kitambo, huyu anasema uchafu mtupu, huyu anasema Mtwara sasa imekuwa Masaki, ukimbana vizuri unakuta alidokoa kipande kimoja cha mwenzie, tena cha juu kabisa. Sasa nachos utaijuaje kwa kipande cha juu? Juu kila mpishi anapatia, chizi iko juu, nyama iko juu, picha ya simu inapigwa juu. Mi nachomoa cha chini kabisa kwanza hata kama meza ya pili wananishangaa.

Nimeenda mara mbili ili nisiwaonee. Mara ya kwanza ilikuwa usiku, umeme ukakatika, jenereta ikagoma, sahani yangu ikakaa kaunta mpaka chizi ikaganda kama mshumaa, siku hiyo nimeifuta, mpishi hausiki na umeme. Mara ya pili Jumatano saa kumi na moja jioni, watu wachache, nikaenda na mdogo wangu ambaye amekaa Dar miaka minne na nachos kazila huko mpaka kachoka, au ndo anavyosema mwenyewe.

Sahani ikafika. Dogo akanyanyua kipande akakigeuza geuza kwenye mwanga, "Dada, hii chapati."

Na kweli ni chapati. Ya kusukuma, imekatwa pembetatu ikatumbukizwa kwenye mafuta mpaka ikakauka, tabaka unaziona kabisa pembeni. Dogo akataka wapewe sifuri hapo hapo. Nikamwambia tulia kwanza, hivi unajua nachos ilianzaje? Miaka ya 1940, mji unaitwa Piedras Negras, Meksiko, mpakani na Texas, wanawake wa wanajeshi wa Kimarekani wamevuka mpaka wameingia mgahawani wana njaa na mpishi haonekani, jamaa mmoja wa hapo hapo, Ignacio Anaya, kaingia jikoni mwenyewe akachukua kilichokuwepo, vipande vya tortila, ile chapati yao ya mahindi, vimekaangwa, akaweka chizi na pilipili, akapasha akapeleka mezani. Ignacio kwa kifupi wanamuita Nacho, basi chakula kikabeba jina lake. Yani ni chakula cha kuunga unga tangu mwanzo, leo mpishi wa Mtwara akiunga unga na yeye tumtoe nje kwa kosa gani?

Halafu tortila yenyewe sio ugali uliobandikwa kwenye kikaango. Kule mahindi yanachemshwa kwenye maji ya chokaa kwanza, ganda linatoka, ndo yanasagwa na unga unashikana ukiusukuma. Jaribu na sembe yetu uone, inapasuka pasuka tu. Kwa hiyo kwenye chapati sijakata hata nusu, ila waandike kwenye menyu kwamba ni ya ngano, mtu asije akategemea mahindi akaletewa kingine.

Nilipokata maksi ni kwenye maharage. Ni maharage ya nazi, matamu, tena matamu haswa, ukiyala na wali unasahau kwenu. Ila wameyamwaga na tui lake! Dakika tano tu nikachomoa cha chini, kikaja kimenyong'onyea, kikakatikia njiani, nusu kwenye vidole nusu imebaki inaogelea. Nikahesabu, vipande saba vya chini vyote vile vile, tukaishia kuomba kijiko. Nachos ya kijiko hiyo sasa ni mchuzi na chapati, na hiyo hata mama anapika. Wakiyakausha yale maharage yakawa ya kupaka, hapo hapo wanapanda maksi mbili na sijatania.

Chizi ipo ya kutosha ila katikati tu, pembeni kuna vipande havijaonja kitu. Nasikia Anaya zake alikuwa anapanga kila kipande na chizi yake na pilipili yake, mi sidai hivyo kwa elfu kumi na mbili, ila kijana si atawanye tu mkono? Pilipili ni hoho mbichi, haiwashi, inakaa pale kama pambo la harusi. Nikamwita dada mhudumu nikamuuliza pilipili mbuzi ipo, akasema "ipo, wageni wengi hawaiwezi ndo maana hatuweki", akaniletea kwenye kisosi na ndimu pembeni, sahani ikaamka.

Halafu kuna kitu sikutegemea. Juu wametupia korosho za kukaanga zilizopondwa pondwa. Mwanzo nikaona kiherehere, kila kitu Mtwara lazima korosho, lakini ukipata kipande chenye nyama ya kusaga, chizi na ile korosho inavyolia chini ya jino, aisee. Hiyo hata dogo alinyamaza.

Bei sasa. Kwa elfu kumi na mbili napata zege, yani chipsi mayai, tatu za kijiweni na soda, lakini sahani hii ni ya watu wawili na tulishiba, nyama haikuwa ya kunusisha, parachichi lilikuwa bichi bichi kidogo ila lilikuwepo. Kulinganisha na zege ya elfu tatu hapo ni kuwaonea, na kulinganisha na Texas ndo kabisa. Walete wanachoweza kwa bei waliyoandika, basi.

Kwangu mi 6. Dogo kawapa 4 na ndo aliyefuta kisosi cha pilipili kwa chapati ya mwisho. Ukienda, waambie maharage pembeni kwenye bakuli, wanakubali, nimeshauliza.