Tochi ya kichwani ya betri mbili: inafaa kuingilia mahandaki ya Mjerumani?

Hii ni ile tochi inayouzwa kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme Tabora mjini: kichwa cha aluminiamu, lenzi ya kuvuta mbele na nyuma, mkanda wa mpira, na kisanduku cha kisogoni chenye betri mbili za kuchaji. Kwa warina asali na walinzi wa usiku inatosha kabisa. Handaki ni kazi nyingine, na huko ndiko udhaifu wake hujitokeza.

Wanaoingia humo huvutwa na hadithi ya mali ya Mjerumani, na hadithi yenyewe ina mzizi. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji wakisogea, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, hapa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Mji ulitekwa tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, na mpaka leo shimo la zamani porini halikosi wa kukwambia kuna sanduku ndani, na joka la kulilinda. Kutazama ni sawa. Kuchimba eneo la kale bila kibali ni kosa, na Ugalla, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2019, huingii bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Tuanze na mwanga. Lenzi ikivutwa mbele, mwanga hukusanyika kuwa duara dogo la kwenda mbali. Handakini hiyo ni hatari: unaona ukuta wa mwisho, huoni unapokanyaga. Irudishe nyuma kabisa kabla ya kuingia. Lipo tatizo jingine ambalo hata tochi ya bei kubwa hailiepuki: mwanga ukitoka karibu na macho, vivuli hujificha nyuma ya vitu vyenyewe, kwa hiyo shimo, ngazi iliyomeguka au kifutu aliyelala vumbini huonekana kama sakafu tu. Vumbi likitimka ndiyo kabisa, mwanga wote hukurudia usoni. Dawa yake ni tochi ya pili ya mkononi, uishike chini ya kiuno na kumulika kwa ubavu. Kingo za shimo zitajionyesha kwa kivuli chake.

Betri ndiyo kasoro kubwa. Ni za aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65. Nyingi zinazokuja na tochi hizi zimeandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza). Huo ni uongo mtupu. Betri bora ya ukubwa huo hufika kama 3,500, na zilizotolewa kwenye kompyuta chakavu huweza kuwa chini ya 1,000. Mizani ya sonara huziumbua: betri nzima ina gramu 45 hivi, feki huwa nyepesi waziwazi. Njia nyingine: zichaji zijae, fundi simu azipime, zisome karibu na volti 4.2. Ziache usiku kucha upime tena. Iliyoshuka hadi 3.9 imechoka.

Nunua mbili mpya za aina moja, kwa siku moja. Usichanganye nzima na chovu, kwa sababu kwenye tochi nyingi betri zimeungwa sambamba: nzima huimiminia umeme ile dhaifu, na joto hupanda. Angalia na urefu pia, maana betri zenye kinga ndani hufika milimita 69 hivi na kisanduku hugoma kufunga. Wala usilale ukiacha tochi kwenye chaja. Za bei ndogo mara nyingine hazikati umeme betri ikijaa.

Waya hukatikia pale unapoingia kwenye kisanduku. Dalili yake ni taa kupepesa ukigeuza shingo. Fundi akate kipande kilichochoka, apige fundo kwa ndani ili mvuto usifike kwenye risasi inayoshika waya, kisha achomelee upya.

Yapo yasiyoonekana kwa tochi yoyote. Koroboi ilikuwa ikififia hewa ikipungua. Taa ya LED huwaka vilevile hata mahali mtu anapozimia. Kichwa kikiwa chepesi, toka. Usikae kwenye vumbi la sakafu kavu, papasi hupenda humo. Ukikuta popo wengi darini, rudi ulikotoka: homa ya virusi vya Marburg, iliyozuka Kagera 2023 na tena 2025, inahusishwa na popo wa matunda wakaao mapangoni.

Tunaipa alama tatu kati ya tano. Ikibadilishiwa betri, nne. Isiwe tochi yako pekee: kila anayeingia awe na ya akiba mfukoni, na mtu mmoja abaki nje.

Dukani, kabla ya kulipa, iwashe kwa mwanga mkali, tikisa waya pande zote, chomeka chaja uone taa nyekundu, kisha vuta lenzi mara kadhaa. Ikiwa lenzi inateleza yenyewe, irudishe upewe nyingine, kwa sababu kasoro hiyo fundi hataiweza.