Saruji yenye slagi kwa tangi la maji Likoni: uzoefu wangu

Tangi letu la maji la chini ya ardhi, huku Likoni, nililijenga kwa saruji yenye slagi badala ya ile ya kawaida, na kwa kuwa limekwisha kupitiwa na kusi na kaskazi, naona sasa naweza kuieleza kwa haki.

Slagi ni masalio ya tanuru la kuyeyushia madini ya chuma, ambayo hupozwa ghafla kwa maji yakingali moto mno, yakawa chembechembe mfano wa kioo, kisha yakasagwa. Mfuko wangu uliandikwa CEM III/A, alama inayoonyesha kwamba slagi ni kati ya asilimia 36 na 65, na klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa ambayo husagwa kupata saruji ya kawaida, imepungua kwa kiasi hicho. Klinka huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi na hutoa kaboni dioksidi nyingi, kwa hiyo kuipunguza ni jambo la maana sana. Hata hivyo, kilichonivuta hasa ni chumvi. Sisi wa Pwani tunazijua nguzo za baraza zinazopasuka kwa kutu baada ya chumvi kupenya hadi kwenye nondo. Zege la slagi likishakomaa huwa na vitundu vidogo zaidi, na chumvi hupenya kwa taabu.

Lakini huko kukomaa kunataka subira. “Bi mkubwa, simiti hii mbona yalala?” fundi aliniuliza, kwani alizoea kung’oa mapema mbao zinazoshikilia zege hadi ligande. Majibu ya maabara ya kupima nguvu ya zege la siku 7 yalikuwa ya chini, naye akazidi kuingia wasiwasi, ila yale ya siku 28 yalifikia kiwango alichotaka mhandisi. Katika muda huo wote kuta zilifunikwa magunia yaliyoloweshwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi, kwa sababu jua na upepo wa huku hukausha zege kabla slagi haijamaliza kazi yake.

Mbao zilipotolewa, ukuta ulikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Fundi aliukwaruza kwa ncha ya mwiko, akakuta rangi imeingia ndani. Huo si ubovu: husababishwa na salfa iliyomo kwenye slagi, na upande uliopigwa na hewa ulififia ukawa kijivu cheupe, cheupe kuliko zege la kawaida.

Ninalolilalamikia ni duka. Muuzaji alinihakikishia kwamba saruji zote ni sawa, wala hakutaja umwagiliaji wa muda mrefu. Mteja asiyejua angeondoa mbao kwa kalenda ya saruji ya kawaida, na pengine angeharibu kazi nzima. Kwa misingi, matangi na nguzo zilizo karibu na bahari naipendekeza bila kusita. Kwa lipu, na kwa sakafu ya juu ambayo fundi alihitaji kuitumia upesi, nilinunua ya kawaida.