pg_dump na pg_restore: uzoefu wangu wa kuhamisha hifadhidata kubwa

Nahamisha hifadhidata za PostgreSQL mara kwa mara, kwa pg_dump inayotoa data kwenye faili na pg_restore inayoirudisha, na msimamo wangu ni huu: programu ya nakala rudufu ipimwe kwa inavyorudisha data, si kwa inavyoitoa. Kwa kipimo hicho pg_restore inaniridhisha sana, mradi faili liwe limeandaliwa vizuri tangu mwanzo.

Ukiendesha pg_dump bila kuiambia lolote, inakupa maandishi ya SQL, yaani amri za hifadhidata. Yanasomeka kwa macho, lakini psql, programu ya kutuma amri za SQL kwa seva, itayarudisha amri moja baada ya nyingine, hata kama seva ina prosesa yenye viini chungu nzima. Kwa hifadhidata ndogo hilo halina shida. Kwa kubwa nimeliacha kabisa, natumia umbo la saraka, yaani -Fd, kwa kuwa ndilo pekee linaloruhusu kutoa majedwali kadhaa kwa wakati mmoja kwa -j, yaani idadi ya kazi zinazoendeshwa sambamba. Uwezo huo ulikuja na toleo la 9.3 mwaka 2013. Umbo la -Fc, la faili moja maalumu la pg_dump, nalo hurudishwa kwa -j, ila kulitoa ni jedwali moja moja.

Sasa kwenye kurudisha, ambako ndiko muda unakoishia. Rekodi zenyewe huingia haraka, kwa sababu pg_dump hutumia COPY, amri inayoingiza rekodi nyingi kwa mpigo. (Usiwashe --inserts ila kama data inaenda kwenye mfumo mwingine, kila rekodi itakuwa amri yake na kasi itaporomoka.) Kinachochelewesha ni indeksi (orodha za kuharakisha utafutaji) na uhakiki wa mahusiano kati ya majedwali, vinavyofanyika baada ya data kuingia. Mpangilio huo ni sahihi: kujenga indeksi mara moja juu ya jedwali lililokwisha jaa ni nafuu kuliko kuisasisha kwa kila rekodi. Tatizo ni kwamba maintenance_work_mem, kumbukumbu inayotengewa kazi kama hizo, huja ikiwa megabaiti 64 tu, na jedwali likiwa kubwa, kazi ya kupanga data inahamia kwenye diski. Mimi huipandisha hadi gigabaiti moja au mbili wakati wa kazi hiyo, na huongeza max_wal_size, kikomo cha ukubwa wa logi ya mabadiliko (WAL), ambacho kwa kawaida ni gigabaiti 1, ili seva isiwe kila mara inasukuma mabadiliko diskini. Hapo ndipo nimeona nafuu kubwa kuliko mahali pengine popote. Angalia tu hesabu ya kumbukumbu: ukiweka -j 8, ni kazi nane zinazoweza kuichukua kwa pamoja.

Ubanaji wa faili la nakala nao umeboreka. Tangu toleo la 16, la mwaka 2023, unaweza kuchagua mbinu ya lz4 au zstd badala ya gzip. Nimehamia zstd na sirudi nyuma. Kwa gzip prosesa ilikuwa inajaa huku diski haina kazi.

Udhaifu upo. Jedwali moja likibeba karibu data yote, -j haikusaidii kulitoa wala kulijaza, maana jedwali moja hushughulikiwa na mchakato mmoja. Likigawanywa kwa vipande, kila kipande huhesabiwa kama jedwali lake, na kazi inagawanyika. Pia pg_dump hushikilia picha moja ya data tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo muda wote huo VACUUM, kazi ya kusafisha majedwali, haiwezi kuondoa rekodi zilizokufa (zilizofutwa au kubadilishwa) baada ya picha hiyo. Chagua saa ambazo watu hawaandiki sana.

Baada ya kurudisha, endesha vacuumdb --analyze-in-stages, inayokusanya takwimu za majedwali kwa hatua, kabla ya kufungulia watumiaji. Bila takwimu hizo, seva hukisia njia ya kutekeleza maulizo, na mfumo mzuri kabisa utaonekana mzito.

Kwa hifadhidata ya terabaiti nyingi inayokwenda kwenye seva yenye toleo kuu lile lile na usanifu ule ule, nachagua pg_basebackup. Hiyo hunakili mafaili yenyewe, indeksi zikiwa ndani tayari.