Kulala Ndani ya SS Rotterdam: Uzoefu Wangu

Wageni wengi wa jiji la Rotterdam huizuru meli hii kwa saa chache kisha wakaenda zao. Mimi nilipanga chumba na kulala humo, na nawashauri wengine wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa meli ya abiria iliyoundwa ili watu waishi ndani yake haieleweki kwa kupita tu. Malkia Juliana wa Uholanzi aliizindua Septemba 1958, ikaanza safari yake ya kwanza ya New York Septemba 1959, wakati ndege za jeti zilikuwa tayari zinavuka Atlantiki. Sasa imefungwa gatini katika mtaa wa Katendrecht jijini Rotterdam, ikiwa hoteli na makumbusho.

Kilichonigusa kuliko vyote ni ngazi kuu. Wasanifu waliwatenga abiria wa daraja la kwanza na wale wa daraja la watalii kwa sitaha, hawa juu ya wale, badala ya kuwapa wa kwanza katikati na wengine pembeni. Lakini wote walipanda na kushuka mahali pamoja, kwa ngazi mbili zilizosukwa moja ndani ya nyingine, wakapishana bila kuonana. Nilizipitia zote mbili pole pole, na nakiri kwamba ustadi ule ulinistaajabisha na kunihuzunisha kwa pamoja. Hata hivyo, ni ustadi huohuo ulioinusuru meli, kwani vizuizi vilivyowatenga abiria viliweza kuondolewa ikawa ya daraja moja, na abiria wa Atlantiki walipohamia kwenye ndege, yenyewe iliendelea kuzunguka dunia na watalii.

Ukumbi wa dansi uitwao Ritz-Carlton una kimo cha sitaha mbili, na ngazi yake iliyopinda inamfanya kila anayeshuka aonekane na wote. Nafasi kubwa kama hiyo ilipatikana kwa sababu mitambo iliwekwa karibu na tezi, yaani upande wa nyuma wa meli. Ndiyo maana meli haina dohani nene katikati, bali mabomba mawili membamba ya moshi nyuma, sura iliyowashangaza watu wa enzi zile na ambayo kwangu ndiyo uzuri wake.

Baada ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki kuanguka mwaka 2000, meli ilikaa bure Bahamas, kisha ikakarabatiwa Gdańsk, Poland, na Wilhelmshaven, Ujerumani, ambako asbesto, madini yanayodhuru mapafu, iliondolewa, hadi ikarudi nyumbani Agosti 2008. Nawashukuru kwa dhati waliokataa ivunjwe kuwa chuma chakavu.

Atakayekwenda asiache kushuka na mwongozaji hadi kwenye chumba cha mitambo ya mvuke. Avae viatu visivyo na visigino, kwani ngazi za kule chini ni nyembamba na zimesimama mno.