Kabla ya Kutoa Dau, Omba Picha ya Ukingo: Wapi pa Kununua Rupia na Sarafu za Kale Mtandaoni

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji siku hizi yanafanana mno. Mmoja, dada wa Tabata, alishinda mnada wa Rupia ya Mjerumani ya mwaka 1911 kwenye mtandao wa ng'ambo. Picha zilikuwa safi, muuzaji alikuwa na sifa nzuri, na bei haikuwa ya kutupa. Sarafu ilipofika akaniletea niitazame. Mbele yupo Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani wa enzi hizo, na kofia yake ya chuma yenye tai juu. Nyuma ipo thamani na mwaka katikati ya matawi. Kila kitu mahali pake. Nikaisimamisha chini ya lenzi ya sonara, nikaanza kuizungusha polepole. Meno ya ukingoni yalikwenda vizuri mpaka yalipofika juu ya kichwa cha yule tai. Hapo yakakatika. Palikuwa laini, pamepigwa tupa, na ndani ya mikwaruzo ya tupa mlikuwa na kijivu kilichopauka ambacho si rangi ya fedha ile. Lehemu. Sarafu ile iliwahi kuwa kidani.

Dada akamwandikia muuzaji. Akajibiwa kwamba kwenye tangazo hakuna mahali palipoandikwa kuwa ukingo ni mzima. Kweli hapakuandikwa. Palikuwa na picha ya mbele na picha ya nyuma, basi.

Sitapoteza muda wenu na habari za kuangalia nyota za muuzaji, kusoma maoni ya wanunuzi na kulinganisha bei. Hayo mnayajua. Nataka tuzungumze ukingo, maana huko ndiko sarafu za kwetu zinakofichia maradhi yake, na sijaona mwongozo unaoupa uzito unaostahili.

Sababu ipo kwenye historia yetu. Rupia ya Mjerumani, reale ya Maria Theresa (sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria) na rupia ya Kihindi hazikuishia mfukoni. Zilivaliwa. Masonara walizitia pete juu zikawa vidani, wakazipanga kwenye mikufu, nyingine wakazitoboa. Bibi akifariki, mjukuu anauza; pete inang'olewa, tupa inapita, tundu linazibwa kwa fedha, sarafu inasuguliwa ing'ae, inapigwa picha mbele na nyuma. Kwa mkusanyaji, sarafu hiyo imeshaharibika na bei yake inaanguka vibaya, hata kama sura ya Kaiser inapendeza kiasi gani.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa dau lolote, mwandikie muuzaji umwombe picha tatu au nne za ukingo, sarafu ikiwa imesimama na ikizungushwa. Tazama kwanza mahali palipo juu ya kichwa, kwa sababu ndipo pete hutiwa ili sura ikae wima kifuani. Meno yaliyopotea, yaliyojaa au yaliyochongwa upya kwa mkono yanajitenga na wenzake. Ukiona mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo wote, huo ni mshono wa kalibu: sarafu imemiminwa, haikupigwa mhuri, na hiyo ni bandia. Reale ya Maria Theresa haina meno kabisa. Ukingo wake una maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yakiwa na mapambo kati yake. Reale yenye meno au ukingo mtupu iache hapo hapo. Na yule anayekuuzia kwa bei ya juu kwa sababu imeandikwa 1780, mjue kwamba tarehe hiyo imeendelea kupigwa na viwanda vya sarafu vya Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko kwa miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki. 1780 haikuambii umri wa sarafu uliyonayo mkononi.

Uzito nao ombeni. Rupia moja ya Mjerumani ni gramu 11.66 za fedha ya asilimia 91.7, Rupia mbili ni mara mbili ya hapo, reale ni gramu 28 na nukta kidogo. Muuzaji wa sarafu asiye na mizani ya kupima sehemu ya gramu hastahili fedha zako.

Sasa mahali pa kununua, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni Künker, nyumba ya mnada ya Osnabrück, Ujerumani, na sifichi kwamba nawapenda. Nyumba ile ilianza mwaka 1971 na sarafu za makoloni ya Kijerumani wanazijua vilivyo. Mbali na minada mikubwa ya ukumbini wana ile ya mtandaoni wanayoiita eLive Auction, ambako rupia na heller (sarafu ndogo za Mjerumani) za kawaida hupatikana bila kushindana na matajiri. Ninachowapendea ni kwamba ukingo wameutamka. Maelezo yao ni mafupi na ya Kijerumani, na mtu akikariri maneno matano yanamtosha: Henkelspur ni alama ya pete iliyong'olewa, Fassungsspur ni alama ya kushikizwa kwenye pambo, gelocht ni iliyotobolewa, Randfehler ni dosari ya ukingo, gereinigt ni iliyosafishwa. Nyumba ya mnada ikiacha kuandika Henkelspur, una hoja ya kurudisha. Muuzaji wa mtaani aliyenyamaza hukumpata kwa lolote. Mnada unaoanza saa 4 asubuhi kwao, kwetu Dar ni saa 6 mchana wakati wa baridi yao na saa 5 wakati wa kiangazi, kwa hiyo huhitaji kukesha kama kwenye minada ya Marekani.

Namba mbili ni Noonans na Spink za London kwa sarafu za Kiingereza za Afrika Mashariki, na Stephen Album wa California kwa sarafu zenye maandishi ya Kiarabu: pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 wa Hijria, au zile senti adimu za Sultani Ali bin Hamud za 1908 zenye mnazi. Minada mingi ya aina hii unaweza kuifuatilia pamoja kupitia tovuti ya NumisBids. Wana uaminifu, ila sarafu za bei ndogo huziweka kwa mafungu, na katika fungu la sarafu thelathini hakuna atakayekupigia picha ukingo wa kila moja.

Namba tatu ni eBay, kwa sharti kwamba sarafu iwe ndani ya kasha la NGC, kampuni inayokagua sarafu, kuzipa daraja na kuzifunga kwenye kasha la plastiki. Hapa nasema NGC makusudi. PCGS nao ni wataalamu wazuri, na kampuni zote mbili hupima kwa daraja la 1 hadi 70, lakini kasha la NGC hushika sarafu kwa vijino vichache vya plastiki, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukingo unaiona mwenyewe. Kasha la kawaida la PCGS lina pete ya plastiki inayoizunguka sarafu na kuuficha ukingo. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya NGC, linganisha picha yao na ya muuzaji, mkwaruzo kwa mkwaruzo, maana makasha ya kughushi yapo. Ukisoma neno Details badala ya namba ya daraja, ujue sarafu ina kasoro: imesafishwa, imechongwa au iliwahi kuwa pambo. Muuzaji atakuambia ni jambo dogo. Si dogo.

Ile sarafu ya dhahabu ya Rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, msiinunue kabisa nje ya kasha au nje ya nyumba kubwa ya mnada. Zilipigwa 16,198 tu, zinauzwa kwa maelfu ya dola, na bandia zake zimejaa kila mahali. Nyingi za halali nazo ziligeuzwa vidani. Zipo za aina mbili, kutegemea pambo la kulia linaishia chini ya T au chini ya A ya neno OSTAFRIKA, na wauzaji waongo hawajui hata wanayouza ni ipi. Waulize swali hilo, utaona wanavyobabaika.

Catawiki, mtandao mwingine wa minada, wana bei za kuvutia, lakini mutazame picha wenyewe. Kwenye minada ya Facebook na makundi ya WhatsApp sinunui.

Gharama. Bei ya nyundo, yaani ile mnada unapofungwa, si bei utakayolipa. Nyumba nyingi kubwa zinaongeza ada ya mnunuzi ya asilimia 20 hadi 25. Dau la euro 200 linakuwa 240 hadi 250 kabla ya usafirishaji, halafu inakuja benki. Ukilipa kwa uhamisho wa benki, mwambie karani kwamba gharama zote unazibeba wewe, maana benki za kati hukata chao njiani, malipo yanafika yamepungua euro kadhaa, na sarafu inazuiliwa mpaka umalizie. Ukilipa kwa PayPal, chagua malipo ya bidhaa. Ukituma kama kwa rafiki au ndugu, ulinzi wote umeutupa, na ndiyo maana wauzaji fulani wanakubembeleza ufanye hivyo. Kumtumia shemeji aliyeko Ujerumani apokee mzigo kuna bei yake pia: ukipelekwa nje ya Umoja wa Ulaya kodi yao ya ongezeko la thamani huondolewa, ukipelekwa kwake Ujerumani haiondoki hesabuni. Hapa nyumbani jiandae na forodha, na VAT ya Bara ni asilimia 18. Ulizeni TRA kabla mzigo haujaondoka.

Msikubali muuzaji aandike kwenye fomu kwamba ni zawadi ya dola kumi. Ikipotea, bima italipa dola kumi. Na isije ndani ya barua ya kawaida, kwa sababu kanuni za Umoja wa Posta Duniani haziruhusu sarafu kwenye barua isiyo na bima. Ije kwa kifurushi chenye bima na namba ya kufuatilia, au kwa kampuni ya usafirishaji iliyokubali kwa maandishi kubeba sarafu, maana baadhi yao hukataa.

Mtaniuliza, kwa nini tuhangaike na Osnabrück wakati rupia zimejaa hapa hapa Dar? Kwa sababu ya bei na lugha za wauzaji wetu. Kijana anakutumia picha ya shilingi ya 1966 yenye Mwalimu Nyerere upande mmoja na mwenge upande wa pili, anataka milioni mbili. Shilingi hiyo ilitolewa kwa wingi, na ng'ambo unaipata kwa bei ya chai na andazi. Mwingine ana senti 10 yenye tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII wa Uingereza, amesikia mfalme yule alijiuzulu kabla ya kutawazwa, basi anadai ni hazina. Ni kitu cha kuvutia kweli, na ni sarafu ya dola chache. Hadithi za mali iliyozikwa na Mjerumani zimewaharibu watu: kila rupia iliyochimbuliwa shambani inapewa bei ya nyumba, na ukiomba kuona ukingo unaambiwa huna fedha ndiyo maana una maswali mengi. Wanakutajia bei kwa dola, papa hapa Kariakoo, wakati tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Nimechoka nao.

Na wale wanaoleta visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa, wakisema vimeokotwa magofuni, mnajua wanachofanya. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Vitu hivyo ni vya makumbusho, na mnunuzi naye ni mshirika wa uchimbaji ule. Msinunue, hata vikiwa vya bure.

Mzigo ukifika, washa kamera ya simu kabla hujakata utepe. Onyesha lebo, fungua, pima kwenye mizani mbele ya kamera, kisha zungusha ukingo wote taratibu. eBay wanakupa siku 30 tangu mzigo kufika kudai fedha kama kitu hakilingani na tangazo, na PayPal siku 180 tangu ulipolipa. Nyumba za minada zina muda wao kwenye masharti, mfupi zaidi mara nyingi, usomeni kabla ya mnada. Ukikuta lehemu, usiisugue, usiipeleke kwa sonara aitengeneze. Piga picha, andika dai siku hiyo hiyo, taja mahali kasoro ilipo, na uambatishe ile barua yako ya mwanzo uliyoomba picha ya ukingo na jibu ulilopewa.