Nimetolewa saratani ya tumbo kwa upasuaji wa matundu: uzoefu wangu

Nianze na linalowachanganya wengi: upasuaji wa matundu, yaani wa kupitisha kamera na vifaa kwenye vitundu vya tumboni, si upasuaji mdogo. Matundu ndiyo madogo. Ndani nilikatwa kama theluthi mbili ya mfuko wa chakula pamoja na tezi zinazouzunguka, na kilichobaki kikaungwa na utumbo mwembamba. Nikivua shati utaona vikovu vitano, kile cha kitovuni kirefu zaidi kwa sababu ndipo kipande kilipotolewa. Shemeji zangu wakiviona wanasema nilikwenda India kutobolewa.

Mimi ni seremala, naishi Moshi. Zahanati walinitibu vidonda vya tumbo mpaka damu ikashuka, ndipo nikapimwa kwa kamera ya mdomoni na kinyama kikapelekwa maabara. Siti skani ikaonyesha hatua ya kwanza. Kwa ugonjwa huu hiyo ni bahati kubwa, maana kwetu wengi hugundulika umeshatapakaa. Ukoo ukachanga, nikapelekwa Chennai.

Hofu yangu ilikuwa moja: mtu anayefanya kazi kupitia tundu, hataacha mzizi? Nikamuuliza daktari hivyo hivyo, mkalimani akacheka kidogo kabla ya kutafsiri. Daktari hakucheka. Alisema kamera inamkuzia kila mshipa kwenye skrini, na kwamba njia hii si ya jana: Mjapani Seigo Kitano aliifanya mwaka 1991 kwa saratani changa ya tumbo. Korea Kusini wakaja kuwalinganisha wagonjwa 1,416 wa hatua ya kwanza, wengine kwa matundu, wengine kwa kupasuliwa wazi. Baada ya miaka mitano waliokuwa hai ni asilimia 94.2 kwa 93.3, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Waliopitia matundu walipata matatizo machache zaidi ya kidonda. Pia alinisainisha kwamba kukitokea damu nyingi, au wakikuta jambo wasilolitegemea, watanifungua wazi. Nililipenda hilo. Fundi anayekuahidi kwamba hakuna kitakachoharibika, mimi namwogopa.

Nilipozinduka kutoka nusu kaputi, kilichoniuma kuliko tumbo ni bega la kulia. Nikadhani wameniangusha! Kumbe ni ile hewa ya kaboni dayoksaidi wanayopuliza tumboni wapate nafasi ya kufanyia kazi. Inayobaki huchokoza kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na maumivu yanasikika begani. Yakaisha yenyewe. Kesho yake nesi akanisimamisha: "Anko, tembea." Mkono mmoja stendi ya dripu, mwingine mfuko wa mkojo, miguuni soksi za kubana ili damu isigande. Kukohoa nilikohoa nimekumbatia mto. Mwenzangu wa kitanda cha jirani, aliyepasuliwa wazi kwa sababu yake ilikuwa imesambaa zaidi, hata kukaa tu kitandani alisaidiwa.

Mpaka hapo sina lawama. Lawama yangu ni chakula. Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi ya Kiingereza yenye idli na vyakula vingine vya kwao, maelezo ya haraka mlangoni, basi. Nikafika nyumbani, mama watoto akanikaribisha na kikombe kikubwa cha uji wenye sukari, kama unavyomkaribisha mgonjwa. Haikupita nusu saa: jasho, moyo mbio, tumbo linanguruma, nikalala chini sebuleni. Binti yangu ni nesi, ndiye aliyenieleza kwamba ile valvu ya chini ya tumbo imeondoka na kipande kilichokatwa, hivyo sukari inateremka yote kwa mkupuo kwenye utumbo. Akanipangia: sahani ndogo mara sita kwa siku, maji yasinywewe pamoja na chakula, sukari ipungue sana, mayai na samaki kila siku. Mtori naruhusiwa, ila uwe mzito na nyama iwe imesagwa. Hali ile sasa hunipata mara mojamoja.

Kazini nilikatazwa kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo hivi vikovu vinapokuponza. Wateja wanakuona umesimama, hawaelewi kwa nini mbao anabeba kijana.

Kuhusu gharama, ulizeni mapema kama stepla za kukatia na kuungia tumbo zimo kwenye bei. Zangu zililipiwa pembeni, na si ndogo. Muulizeni pia daktari mwenyewe amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, si hospitali imefanya mara ngapi.

Upasuaji naupa nyota tano. Maelezo ya lishe, mbili, na moja kati ya hizo ni ya binti yangu. Naendelea kupima damu, madini ya chuma na vitamini B12, na bakteria wa Helicobacter pylori, wanaoishi tumboni na kuchangia saratani hii, nilitibiwa. Ndugu zangu nao wameambiwa wakapime. Dada amekwenda, kaka anasema akimaliza mavuno.